Injini Ipi kwa Peugeot 504 Unayoifufua Nyumbani?

Kila anayefufua Peugeot 504 uani kwake Kitengela au Kajiado hufikia siku ambayo bodi imenyooshwa, kutu imekatwa, rangi ya kwanza imepigwa, na mbele pamebaki shimo tupu. Hapo ushauri humiminika. Mmoja atakwambia uweke injini ya Toyota usahau shida. Mwingine anamjua mtu mwenye Peugeot 505 iliyogongwa. Wa tatu atasisitiza uifanyie ovahoo ileile uliyoing'oa. Wote watatu wana hoja, na kila hoja ina gharama yake. Tatizo ni kwamba bei unayotajiwa dukani ni mwanzo tu wa gharama hiyo. Fedha nyingi huliwa na vitu vinavyoizunguka injini, na katika 504 vitu hivyo si vya kawaida.

Wamarekani wana Mustang na Camaro zao za silinda nane. Hapa Kenya magari hayo ni nadra, kwa sababu gari la kawaida lenye usukani wa kushoto haliruhusiwi kusajiliwa, na gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliingizwi nchini. Misuli ya magari yetu ilijengwa na Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa 504 ya saluni, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 kupe ya V6. Lakini 504 haikubaki gari la mashindano tu. Stesheni wagoni zake zilikuwa teksi za safari ndefu kati ya miji, na pikapu zake zilibeba mbuzi na mahindi katika barabara ambazo magari mengine yaliziogopa. Ufaransa iliacha kuunda saluni mwaka 1983, lakini 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi miaka ya 2000. Ndiyo maana hata leo unaweza kuzikuta zimeegeshwa chini ya migunga kutoka Isinya hadi Namanga, zikimngoja mtu mwenye subira.

Tuanze na injini ya asili, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa haraka zaidi bila kukaguliwa. 504 nyingi za petroli zina mojawapo ya injini mbili: XM7 ya sisi 1,796 au XN1 ya sisi 1,971. Zote mbili zina bloku ya chuma, silinda hedi ya alumini na cheni ya kuzungusha kamshafti, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika ukiwa njiani. Lakini sifa kubwa kwa mfukoni mwako ni slivu zake. Katika injini nyingi za zamani silinda imetobolewa ndani ya bloku yenyewe. Ikichakaa, bloku hupelekwa kwa fundi wa mashine ikachongwe, ukanunua pistoni za ukubwa wa juu zaidi, na baada ya kuchongwa mara kadhaa bloku imekwisha. Katika 504, slivu ni mirija inayochomoka na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Ukinunua seti mpya ya slivu, pistoni na ringi, silinda zimekuwa mpya bila kuchonga bloku hata kidogo. Kazi ya mashine inayobaki ni ya krenki na silinda hedi.

Hii inabadilisha hesabu nzima. Bloku ya miaka 45 iliyokaa nje kwa muda mrefu bado inafaa, mradi haijapasuka na sehemu zinapokaa slivu hazijaliwa na kutu. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu wa vyuma chakavu, vua silinda hedi na sampu uangalie. Jihadhari na jambo moja linalowaponza wengi wanaofanya kazi hii nyumbani: hedi ikishatoka, usizungushe krenki kabla ya kuzibana slivu kwa bolti na washa pana. Pistoni ikipanda huinua slivu, sili ya chini inaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Ukishaifunga tena ndipo utagundua, na utalipia gasketi na sili mara ya pili.

Hedi ya alumini ndiyo sehemu ya kuogopa. Injini ikiwahi kuchemka, hedi hujipinda. Fundi wa mashine ataiwekea rula ya chuma, na ikiwa imejipinda kidogo ataipiga uso. Ikiwa imepigwa uso mara nyingi zamani, haina nyama tena, na hapo bei ya ovahoo hupanda kwa sababu unatafuta hedi nyingine. Mwombe pia akague viti vya vali. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya vali katika injini nyingi za enzi hizo. Hedi ikiwa tayari mezani, kuweka viti vigumu ni nyongeza ndogo. Ukiahirisha, baadaye itakubidi uivue hedi upya.

Chaguo la pili ni injini ya Peugeot iliyotolewa katika gari jingine. Usitafute 504 peke yake, kwa maana 505 za mwanzo zilitumia injini za ukoo huohuo, na injini iliyolindwa chini ya boneti ya 505 iliyogongwa nyuma inaweza kuwa bora kuliko yako. Mauntingi, klachi na giaboksi havikusumbui sana. Hatari ni kwamba unanunua uzee wa mtu mwingine. Muuzaji atakwambia, "Mkubwa, hii ni safi, ilikuwa inatembea juzi tu." Mjibu kwa heshima kwamba ungependa kuipima kompresheni.

Hapa mwinuko wa nchi yetu una neno. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kajiado mjini iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipimo cha kompresheni husoma chini kuliko Mombasa hata injini ikiwa nzima. Injini inayosoma psi 150 pwani itasoma kama 125 hapa. Anayefuata kitabu cha Ulaya bila kujua hili ataikataa injini nzuri, au muuzaji atatumia mwinuko kama kisingizio cha injini mbovu. Njia ya kutodanganyika ni kulinganisha silinda kwa silinda. Zikikaribiana, tofauti isizidi asilimia 10 hivi, una injini inayoweza kuishi. Silinda moja ikianguka peke yake, mwinuko hauhusiki. Ondoa plagi zote nne, fungua kabureta wazi kabisa, na betri iwe na moto wa kutosha, maana stata inayozunguka kivivu hushusha kipimo.

Mwinuko huohuo hula nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. XN1 ya kabureta iliyotoka kiwandani na nguvu-farasi kama 95 inakupa kama 80 unapopanda kutoka Athi River. Ukiona imelegea, usikimbilie kulaumu pistoni. Huenda jeti za kabureta zinamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na jeti ndogo zaidi ni tiba rahisi kuliko injini mpya.

Sasa Toyota. Sitaki kuidharau hoja hii, kwa sababu ina ukweli mkubwa: spea zake zipo kila mahali, kuanzia Kirinyaga Road hadi duka dogo la Bissil, na kila fundi anaijua. Lakini chunguza ni Toyota ipi. Injini nyingi za ex-Japan unazoziona zimepangwa vibandani, kama 1NZ ya Probox, zimetengenezwa kukaa kwa upana na kuvuta magurudumu ya mbele. Injini hiyo haitakufaa hata ukipewa bure, maana 504 inavutwa na magurudumu ya nyuma. Unahitaji injini ya kukaa kwa urefu: familia ya Y kama 3Y ya sisi 1,998 au 4Y ya sisi 2,237 kutoka Hiace na Hilux za zamani, au 1TR ya Hiace za karibuni. Zinapatikana kwa sababu ya matatu.

Kisha unakutana na bomba. Katika magari mengi propela huning'inia wazi chini ya gari ikiwa na jointi zake. Katika 504 propela inazunguka ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye giaboksi mbele na kwenye difu nyuma. Bomba hilo huunganisha giaboksi na difu kuwa kitu kimoja, si kifuniko cha kutupa. Giaboksi ya Toyota haina mahali pa kulifunga. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchongesha bamba la kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Peugeot, kazi inayohitaji fundi mashine makini, maana shafti ya giaboksi ikikaa pembeni hata kwa unywele, beringi na klachi zitakufa mapema. Ya pili ni kuondoa mfumo wote wa nyuma na kuweka difu ya gari jingine, pamoja na kulehemu mikono ya kuishika. Hiyo ni ujenzi wa chasi mpya, na usalama wako unategemea mkono wa mchomeleaji.

Halafu kuna nafasi. Injini ya 504 imelala upande kwa nyuzi 45, na sehemu ya mbele ya gari ilipangwa kwa injini iliyolala. Inayosimama wima inadai mauntingi mapya, huenda na sampu iliyokatwa na kuungwa upya, bomba la moshi jipya, mipira ya redieta isiyo ya kawaida, na kebo ya kichapuzi ya kubuni. Ukichagua 1TR, ongeza waya, kompyuta ya injini, pampu ya petroli ya shinikizo na kifaa cha kuzuia wizi cha gari ilikotoka. Injini iliyouzwa bila kompyuta yake na waya uliokatwa kwa kisu ni nusu ya injini. Usilipe bei ya injini nzima.

Kanuni yangu ya kukadiria ni hii. Kwa injini ya Peugeot ya mtumba, chukua bei yake uongeze theluthi moja kwa gasketi, klachi, mipira na oili. Kwa Toyota ndani ya 504, zidisha bei ya injini na giaboksi kwa mbili, na ukichagua ya kompyuta ongeza tena juu ya hapo. Kwa ovahoo, usikadirie kabisa mpaka hedi na krenki vimepimwa, maana viwili hivyo ndivyo vinavyoamua kama utalipa kidogo au utalipa sana. Gharama ya kupima ni ndogo, na ndiyo fedha yenye faida kuliko zote utakazotumia katika kazi hii.

Wanaotetea Toyota watakuja na hoja ya mafuta, na ni ya haki, basi tuipigie hesabu. Tuseme petroli ni shilingi 180 kwa lita, 504 yenye injini ya asili inakwenda kilomita 9 kwa lita, na ile ya Toyota ya kompyuta kilomita 11. Ukiendesha wikendi tu, tuseme kilomita 4,000 kwa mwaka, tofauti ni kama lita 80, yaani shilingi 14,500 hivi. Ikiwa kubadilisha injini kumekugharimu shilingi 100,000 zaidi ya kufufua ya asili, utangoja karibu miaka 7 ili uzirudishe. Lakini ukilitumia gari kila siku ya kazi kutoka Kitengela hadi Nairobi na kurudi, kilomita 60 kwa siku 250, umefikisha kilomita 15,000 na tofauti ya lita 300 hivi. Hizo ni zaidi ya shilingi 54,000 kwa mwaka, na miaka miwili inatosha. Kwa hiyo amua kwanza gari litakuwa la nini. Mimi naamini 504 iliyofufuliwa si gari la kukaa nalo katika msongamano wa Mlolongo kila asubuhi. Ni gari la Jumapili, la safari ya Namanga, la harusi ya mpwa wako. Kwa matumizi hayo injini ya asili inashinda waziwazi. Atakayekuja kulinunua siku moja pia ataliheshimu zaidi likiwa na moyo wake wa kiwandani.

Dizeli nitaigusa tu. Peugeot yenyewe iliweka XD2 ya sisi 2,304 katika 504, na ukiipata nzima pamoja na viungo vyake inaingia bila kukata chuma. Ni nzito na ya polepole, lakini kwa pikapu inayobeba nyasi Kajiado ni chaguo la maana. Kwa saluni unayoifufua kwa mapenzi, hapana. Na kwa anayeota V8, iliyo karibu zaidi na uwezo wetu ni ya Rover ya lita 3.5 kutoka Range Rover za zamani, ambayo asili yake ni injini ya alumini ya Buick ya Marekani. Itafute kwa ajili ya gari jingine. Giaboksi na difu za 504 hazikuumbwa kwa mvuto ule.

Mahali unapoishi pia kuna bei. Kitengela uko kama kilomita 30 kutoka Nairobi, kwa hiyo unaweza kupeleka krenki kwa fundi wa mashine Industrial Area asubuhi na kuifuata siku nyingine bila kuumia sana. Ukiwa Kajiado mjini, safari ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Peleka krenki, hedi, flaiwili na bamba la klachi kwa safari moja, na usirudi bila seti nzima ya gasketi, hata kama fundi anasema ya sampu utaikata kwa karatasi. Ukodishaji wa pikapu mara tatu kwa sababu ya sili moja iliyosahaulika unaweza kumeza faida yote uliyoipata kwa kupatana bei.

Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi nao unataka kuheshimiwa. Kreni ya kukodi yenye magurudumu madogo hukwama juu yake hata wakati wa kiangazi, na baada ya mvua haisogei kabisa. Ikiwa huna sakafu ya saruji, mwaga kipande cha kutosha gari na kreni, au panga mbao nene. Cheni bloku ya tani 1 ina nguvu za kutosha kwa injini hii, lakini ining'inie kwenye fremu ya chuma au nguzo tatu madhubuti zilizofungwa miguu zisiteleze. Isining'inie kamwe kwenye mbao za paa la nyumba. Asiwepo mtu chini ya injini iliyo hewani, hata kwa sekunde moja ya kuokota spana. Giaboksi ikibaki garini, iwekee jeki chini yake isivute bomba. Wakati wa kurudisha injini, hakikisha bamba la klachi limekaa katikati kwa kutumia shafti ya giaboksi chakavu au kijiti kilichochongwa kwa kipimo. Wengi hutoka jasho mchana kutwa wakisukuma injini isiyoingia, kumbe bamba limekaa upande. Usiivute kwa bolti ili iingie kwa nguvu, maana utapasua masikio ya nyumba ya giaboksi.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe kwa stata mpaka taa ya oili izime. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Na maji ya redieta yasiwe ya kisima. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvi nyingi, na katika injini ambayo slivu zake zinaoga majini, chumvi hiyo inakula slivu mpya kwa nje wakati wewe unazitunza kwa ndani. Nunua kulanti yenye kinga ya kutu na maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, kama yale ya betri. Ni gharama ndogo inayolinda gharama kubwa kuliko zote. Baada ya injini kupata moto na kupoa, kaza tena bolti za hedi kwa mpangilio na kipimo cha kitabu, rekebisha tapeti, na ubadilishe oili mapema, baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Oili chafu usiimwage uani. Weka kwenye mtungi uipeleke gereji inayoikusanya.

Limebaki suala la karatasi, na hapa injini ya asili inashinda tena kimyakimya. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukifanya ovahoo ya bloku yako, hakuna kilichobadilika. Ukiweka injini nyingine, iwe ya 505 au ya Toyota, unapaswa kuomba mabadiliko kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen na gari likaguliwe, na utaulizwa injini imetoka wapi. Kwa hiyo dai risiti yenye namba ya injini, jina la muuzaji na tarehe, na kwa ya ex-Japan dai pia nakala ya karatasi za forodha. Muuzaji anayepunguza bei ili usidai risiti anakuuzia shida ya polisi na ya bima pamoja na injini. Linganisha namba iliyopigwa kwenye bloku na ile ya karatasi kabla ya kutoa hela, ukiwa na tochi na brashi ya waya, maana namba mara nyingi imefunikwa na grisi au rangi mpya. Ukikuta imesagwa, ondoka. Na ile injini yako ya zamani, hata ukiamua kuweka nyingine, usiiuze kwa kilo mpaka NTSA wamekubali mabadiliko na logibuku mpya iko mkononi.